Nani aliwauliza wazazi wa Jipe?

Miaka michache iliyopita nilivaa shingoni kitambulisho kilichoandikwa "Mwakilishi wa Jamii – Jipe". Ilikuwa katika warsha ya siku mbili mjini Moshi, iliyoandaliwa na asasi moja inayotetea haki ya elimu. Nililipwa nauli na posho, nikala vizuri, nikapewa kalamu na daftari. Siku ya pili mchana tukasomewa tamko, tukaombwa tulitie saini. Tamko lilisema kwamba jamii za pembezoni hazitaki watoto wao wapelekwe katika shule binafsi wala za dini, na kwamba zinachotaka ni shule ya serikali iliyo karibu, yenye madarasa na walimu. Nikatia saini.

Ndugu msomaji, naomba nikiri mapema. Jipe nilizaliwa, lakini nilikuwa nimeondoka zaidi ya miaka ishirini. Naishi Dar es Salaam. Kwa wasiopajua, Jipe ipo kando ya ziwa lililogawanywa na mpaka wa Tanzania na Kenya, nyuma ya milima ya Upare Kaskazini, katika wilaya ya Mwanga. Watu wake ni wavuvi, wakulima na wafugaji. Ziwa lenyewe limevamiwa na magugu kiasi kwamba kuna mahali mtumbwi unasukumwa kwenye majani kabla ya kuyaona maji. Katika warsha ile mimi ndiye niliyekuwa Jipe yote. Na hakuna hata mtu mmoja wa Jipe aliyenituma.

Tamko lile halikuwa karatasi ya kufungia maandazi. Kulikuwa na mfadhili aliyetaka kujua afanye lipi kati ya mawili: awalipie ada watoto wa familia maskini waliokwisha kuchaguliwa na wazazi wao shule za bweni, au ajenge madarasa katika shule za kata. Sisi "wawakilishi" tukamjibu kwamba jamii inataka madarasa. Akajenga madarasa.

Nilipokwenda nyumbani kwa Idd, dada yangu alinipokea vizuri, akanipa maji ya kuoga, akanipikia perege. Tulipomaliza kula akaniuliza, "Kaka, ni kweli wewe ndiye uliyesema sisi hatutaki shule za bweni?" Nikaanza kumweleza habari za haki, wajibu wa serikali, usawa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi niliuza mbuzi watano na nyavu za marehemu baba yake ili binti yangu asome seminari ya Kiislamu. Ungeniuliza, ningekwambia kwa nini."

Akaniambia kwa nini. Shule ya serikali aliyopangiwa binti yake ni mwendo wa saa nzima na ushei kwa miguu, sehemu kubwa ya njia ikiwa ni pori, na katika msimu fulani tembo wanavuka kutoka upande wa Tsavo. Mtoto akifika amechoka, akirudi giza limeingia. Hilo la kwanza. La pili, alitaka binti yake asome akiwa amejisitiri, aswali kwa wakati, na asilazimike kuchagua kati ya kitabu na dini. Hili la pili katika warsha ya Moshi halikutajwa kabisa. Si kwamba lilikataliwa. Halikuwamo katika ajenda.

Mwaka uliofuata ada ilimshinda. Binti akarudi nyumbani akiwa kidato cha tatu, na leo hii anasoma katika shule ile ile ya kata, ndani ya darasa jipya nililolitilia saini.

Kama kisa kingeishia hapo ningewaambia wasomaji kwamba asasi za haki ni waongo, na wengi mngeitikia. Lakini jioni ile ile nilikwenda kwa jirani yetu, mvuvi mwenzake marehemu shemeji yangu, Mwislamu wa kuswali safu ya mbele. Nilitegemea anilaumu. Akanishukuru! "Ndugu yangu," alisema, "mimi nina watoto sita. Nikimlipia mmoja bweni, watano wakale nini? Na nyinyi mnaopeleka watoto mbali mnatuachia shule mbovu. Anayeweza kusema kwenye kikao cha shule ndiye anayeondoa mtoto wake. Tunabaki sisi ambao mwalimu mkuu hatusikii." Kwake yeye darasa lile lilikuwa neema. Tangu ada ilipofutwa katika sekondari za serikali, kuanzia Januari 2016 mpaka kidato cha nne, alikuwa ameona kwa mara ya kwanza kwamba watoto wake wote wanaweza kufika huko.

Basi nani kati ya hawa wawili ndiye "jamii ya Jipe"? Wote ni Waislamu, wote ni maskini, wanateka maji mahali pamoja. Mmoja anataka uhuru wa kumchagulia mtoto wake shule. Mwingine anataka shule iliyopo iwe shule. Tamko liliandikwa kana kwamba kuna kinywa kimoja.

Jambo hili si la Jipe peke yake. Huko Marekani kuna jumuiya kongwe ya kutetea haki za watu weusi, NAACP, iliyoundwa mwaka 1909. Mawakili wake ndio waliopigania kesi iliyoamuliwa mwaka 1954, ambayo Mahakama Kuu ya nchi ile ilitamka kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Hakuna anayeweza kuwafundisha hawa habari ya kutetea wanyonge. Oktoba 2016, bodi ya jumuiya hiyo ilikutana mjini Cincinnati, ikapitisha azimio la kutaka kusimamishwa kwa muda upanuzi wa shule zinazoendeshwa na taasisi binafsi kwa fedha za kodi. Hoja zao zilikuwa na uzito: shule hizo zinachota fedha za shule za kawaida, na usimamizi wake ni legelege. Lakini nje ya mkutano walisimama wazazi weusi waliosafiri kutoka Memphis wakipinga azimio hilo, kwa sababu shule hizo hizo ndizo walizowachagulia watoto wao. Watetezi wa watu weusi ndani, watu weusi nje wakipaza sauti. Na wapo pia wazazi weusi waliokubaliana na azimio lile.

Tusogee karibu. Hapa Afrika Mashariki ilitokea kampuni ya Bridge, iliyoanza Kenya mwaka 2009 kwa kufungua shule za ada ndogo katika mitaa ya maskini ya Nairobi, kisha ikaingia Uganda. Walimu walikuwa wakifuata masomo yaliyokwisha kuandikwa na kuletwa kwenye kompyuta ndogo za mkononi. Novemba 2016 Mahakama Kuu ya Uganda iliridhia shule 63 za kampuni hiyo zifungwe kwa kutotimiza masharti ya serikali. Agosti 2017, asasi 174 kutoka nchi mbalimbali zilitoa tamko kuwataka wawekezaji waache kuiunga mkono. Wazazi je? Maelfu walikuwa wamepeleka watoto pale kwa hiari yao, kwa fedha yao ya kuuza mboga na kufua nguo. Ukisoma matamko unaweza kudhani wazazi wale walikuwa wamedanganywa wote.

Lakini tuwe waadilifu, maana Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, ametuamuru tusimame na uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Katika suala la Bridge, asasi zile ziliona mambo ambayo mzazi wa Mukuru asingeweza kuyaona. Mzazi anaona sare, anaona mwalimu amefika, anaona mtoto anasoma herufi. Haoni kama shule imesajiliwa, kama mwalimu amesomea kazi hiyo, kama kuna utaratibu wa kumlinda mtoto akidhulumiwa ndani ya shule. Malalamiko kuhusu usalama wa watoto yalifika mpaka kwa kitengo cha uchunguzi cha Benki ya Dunia, na mwaka 2022 tawi la benki hiyo lililokuwa na hisa katika kampuni lilijitoa. Kwa hiyo mzazi kuchagua hakumaanishi kwamba alichochagua ni salama. Mteteaji mwenye elimu ana kazi yake.

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Kuna mambo mawili ambayo tunayachanganya, nayo ni mbali mbali. Kumtetea mtu haki yake ni jambo moja. Kusema maoni yake ni jambo jingine. La kwanza halihitaji ruhusa. Ukiona mtu anadhulumiwa unamtetea, hata kama yeye amenyamaza, hata kama jirani zake wote wanaona ni sawa. La pili linahitaji ruhusa, tena ruhusa ya kweli.

Chukueni mfano wa wasichana waliopata mimba wakiwa shuleni. Juni 2017 Rais wa wakati huo alitamka kwamba hawatarudi katika shule za serikali. Asasi za haki zikapinga kwa miaka minne na ushei, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi. Wazazi wengi niliowasikia misikitini na sokoni hawakuwa upande wa asasi, na mimi mwenyewe mwanzoni sikuwa. Je, asasi zilikosea kusema? Hapana. Haki ya yule binti haipigiwi kura. Lakini asasi haikuhitaji kusema "wazazi wa Tanzania wanataka". Ilitosha kusema "hili ni haki, hata kama wengi hawalitaki". Huo ni ukweli na ushujaa. Kusema "jamii inataka" wakati hujaiuliza jamii ni ushahidi wa uongo, hata kama unachokidai ni kizuri.

Na cha ajabu, nyaraka zinazobebwa na asasi hizi zenyewe zinamkumbuka mzazi. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 26, linawapa wazazi haki ya mwanzo ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unataja katika kifungu cha 13 uhuru wa wazazi kuchagua shule zisizo za serikali, mradi zitimize viwango, na kuwalea watoto kwa mujibu wa dini yao. Katika warsha ya Moshi kifungu cha 26 kilisomwa. Kilisomwa sehemu ya kwanza inayosema elimu iwe bure. Sehemu ya tatu ilibaki kwenye makaratasi.

Uwakilishi wa haki unakuwaje? Bukhari amesimulia kisa cha Hawazin baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria. Ujumbe wa Hawazin ulikuja ukiwa umesilimu, ukaomba urudishiwe mateka. Mtume (s.a.w.) akawaeleza Waislamu kwamba yeye ameona mateka warudishwe, na anayetaka kuridhia kwa moyo wake na afanye hivyo. Umati ukapaza sauti kwamba umeridhia. Jambo lingeweza kuishia hapo. Aliyesimama mbele yao ni Mtume wa Mungu, na umati wote umeitikia. Lakini hakutosheka. Aliwaambia kwamba hajui nani kati yao ameridhia na nani hakuridhia, akawarudisha kwa wakuu wao ili wakaulizwe, na wakuu wakarudi na jibu.

Tafakari, ndugu msomaji. Kama kelele ya umati haikuhesabiwa kuwa ridhaa mbele ya Mtume, saini yangu mimi katika hoteli ya Moshi inahesabiwa kuwa nini? Aliyeridhia na asiyeridhia wanaweza kusimama katika umati mmoja, na kazi ya mwakilishi ni kwenda kuwatambua.

Wapare wa zamani walilijua hili bila warsha. Wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1940, ilianzishwa kodi ya kukadiriwa kwa mali ya mtu, iliyopewa jina la mbiru. Ilipita kwa mikono ya watawala wa kienyeji, ambao Mwingereza aliwahesabu kuwa ndio sauti ya watu wao. Mwaka 1945 maelfu ya watu wakashuka kutoka milimani mpaka Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Hawakuwa wakikataa kulipa kodi. Walikuwa wakikataa namna ya kukadiriwa ambayo hawakuielewa wala kuiridhia. Profesa Isaria Kimambo ameandika kisa hicho. Wake zao nao wakaingia katika harakati. Mwishowe kodi ile ikafutwa. Wazee wale walikuwa na wawakilishi kwenye makaratasi, na ilibidi watembee kwa miguu mpaka Same kwenda kujisemea.

Sasa tugeuze kioo, maana ni rahisi kuwasema wanaharakati wa mjini. Sisi Waislamu je, jumuiya zetu zinasema maoni ya nani?

Tunakumbuka kwamba katika nchi hii elimu ya shule ilikuja mikononi mwa wamisheni. Huko kwetu Walutheri wa Leipzig walifika Shigatini mnamo mwaka 1900, na Waadventista wakafungua kituo Giti mwaka 1903. Kwa mzazi Mwislamu wa zama zile kuchagua shule kulikuwa na bei ambayo haikuwa ada. Ndiyo maana jumuiya ya EAMWS, iliyoanzishwa mwaka 1945, ilithaminiwa kwa shule ilizojenga. Desemba 1968 ikapigwa marufuku na BAKWATA ikaundwa. Tangu hapo wapo Waislamu wanaoiona BAKWATA kuwa ndiyo sauti yao, na wapo waliojiundia mabaraza na shura nyingine kwa sababu hawajisikii ndani yake. Mjadala huo wasomaji wa kurasa hizi wanaujua. Lakini tujiulize kwa dhati: kati ya hao wote, nani aliwahi kufika Jipe na kumuuliza mjane mwenye mbuzi watano anataka shule gani? Sisi nasi tuna matamko. Tunasema "Waislamu wanataka seminari", "Waislamu hawaridhiki na shule za serikali". Jirani yangu mvuvi ni Mwislamu, na anataka mwalimu wa hesabu katika shule ya kata. Hajawahi kuandikwa katika tamko letu hata moja.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huu unamhusu mwanaharakati wa Dar es Salaam, unamhusu shekhe wa Dar es Salaam, na unanihusu mimi.

Nasema haya si ili asasi zifungwe wala jumuiya zinyamaze. Wanyonge wanahitaji watu wa kuwasemea penye milango ambayo wao hawaifikii. Ninachoomba ni mambo matatu. Kwanza, atakayeandika "jamii inataka" aandike pia aliuliza wangapi, wapi na lini. Pili, aandike na maoni ya waliopinga, maana katika kila kijiji wapo. Tatu, kama hakuuliza, aseme kwa jina lake mwenyewe: "sisi tunaona hivi". Hoja nzuri haipungukiwi kitu ikisemwa na mwenye hoja.

Kwa upande wangu niliiandikia asasi ile kueleza kwamba sikutumwa na mtu, na kwamba Jipe kuna maoni zaidi ya moja. Walinijibu kwa adabu kwamba tamko lilikwisha kuwasilishwa.

Imebaki habari ya mpwa wangu. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimkuta anatoka shule, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Nikakaa naye chini ya mti, nikamweleza yote: warsha, saini, mfadhili. Nikamwomba radhi. Nikamuuliza, kama angekuwa yeye mwenye kuamua, angechagua ipi.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, hakuna aliyeniuliza. Mama hakuniuliza aliponipeleka, na wewe hukuniuliza uliponirudisha."

Suratul Mujadila inafunguliwa kwa habari ya mwanamke aliyekwenda kuleta shauri lake mwenyewe, na Mwenyezi Mungu akamsikia. Binti yule alikuwa amekaa mbele yangu, na mimi nilikuwa nimekuja kuandika kuhusu wazazi. Nikamwomba anieleze. Alieleza mpaka tukaadhiniwa Magharibi. Aliyoyasema sitayaandika hapa, kwa sababu hakunituma.

Wabillahi tawfiq.